Usilinganishe majiji kwa mshahara peke yake: uliza kwanza siku utakayofutwa kazi itakuwaje

#1 Nanga

Wakuu, habari zenu.

Kila baada ya wiki mbili tatu anakuja mtu humu na swali lile lile: nimepata ofa ya kuandika programu jiji fulani, mshahara kiasi fulani, niende? Na majibu ni yale yale. Mmoja anabandika jedwali la gharama za maisha, wa pili anasema San Francisco ndiko kwenye hela, wa tatu anasema Ulaya ndiko kwenye maisha. Uzi unafia hapo. Nimeona niandike kwa kirefu, kwa sababu mimi mwenyewe nililinganisha vibaya, mwenzangu mmoja akalinganisha vibaya zaidi, na bili ililetwa kwetu sote wawili wiki moja.

Neno moja kabla sijaendelea. "Kodi" ina maana mbili na kwenye mada hii inachanganya. Nikiandika kodi ni ile ya serikali. Ya nyumba nitaiita pango.

Nilikuwa Berlin, mwenzangu alikuwa Seattle. Kampuni moja, timu moja, kazi ile ile. Tulitunza mfumo wa malipo; yeye alishika zamu mimi nikiwa nimelala, mimi nikashika yeye akiwa amelala. Mimi nililipwa euro 75,000 kwa mwaka kabla ya makato, yeye dola 165,000 pamoja na hisa. Tulikuwa tunaambiana wazi, hatukufichana. Baada ya kodi, bima ya afya na pensheni mimi nilibaki na kama euro 3,800 kwa mwezi, na nikijibana sana niliweka akiba euro 700. Yeye akiwa na mke na mtoto mmoja, na mke hafanyi kazi, alikuwa anaweka dola 3,000 kila mwezi. Nilikuwa nikiitazama tofauti ile naona nimepoteza dira.

Jioni moja, saa kumi na moja kwangu na saa mbili asubuhi kwake, tukaitwa kikao cha dakika 15. Timu nzima imeondolewa. Kabla kikao hakijaisha kompyuta yake ilikuwa imeshafungwa kwa mbali, akaniandikia kwa simu ya mkononi: "Nimetolewa kwenye kila kitu." Yangu ilikuwa bado wazi. Sikuelewa kwa nini mpaka nilipoelezwa kwamba Ujerumani barua ya kufukuzwa kazi lazima iwe ya karatasi yenye sahihi ya wino. Ya barua pepe haina nguvu kisheria. Yangu ililetwa mlangoni na tarishi siku ya tatu. Bahasha nyembamba, ukurasa mmoja.

Kuanzia hapo njia zetu zikaachana kabisa.

Yeye alikuwa na viza ya H-1B, ile ya Marekani ya wataalamu inayoombwa na mwajiri. Kazi ikiisha una siku 60 za kupata mwajiri mwingine atakayekuombea viza, au kubadilisha hadhi yako, au kuondoka. Mke wake alikuwa na H-4, viza ya mwenzi wa mwenye H-1B, ambayo kwa kawaida haimruhusu mtu kufanya kazi mpaka mwenzi wake awe amefika hatua fulani ya kuomba makazi ya kudumu, na wao hawakuwa wamefika. Bima ya afya ya familia ilikoma mwisho wa mwezi ule. Sheria ya COBRA inakuruhusu kuendelea na bima ile ile hadi miezi 18, ila sasa unalipa wewe fungu lote, lako na lililokuwa la mwajiri, na juu yake hadi asilimia 2 ya gharama za uendeshaji. Hisa ambazo muda wake haujafika zikafutika. Mkataba wa nyumba ulikuwa na faini ya kuuvunja. Gari akaliuza kwa haraka, na mtu anayeuza kwa haraka mnunuzi anamjua. Siku ya 54 walipanda ndege na masanduku manne, mtoto katolewa darasa la kwanza katikati ya muhula.

Mimi nilikuwa na notisi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili. Nilikuwa na wiki tatu za kufungua shauri mahakama ya kazi, nikafungua, tukaishia kupatana nikalipwa kifuta jasho. Notisi ilipoisha nikaanza kulipwa fao la kukosa kazi, asilimia 60 ya mshahara wa mkononi (mwenye mtoto ni 67), na bima ya afya ikaendelea bila mimi kugusa mfuko. Na kikubwa kuliko vyote, hakuna aliyenihesabia siku za kuondoka nchini, kwa sababu nilikuwa na makazi ya kudumu. Mwenye Kadi ya Bluu ya Ulaya (kibali cha kazi cha wataalamu wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya) kule anaweza kuyaomba baada ya miezi 21 akiwa na Kijerumani cha ngazi ya B1, yaani cha kati. Akiwa na A1 tu, ngazi ya mwanzo, ni miezi 27. Ile Jumanne na Alhamisi jioni niliyokuwa nakwenda darasani nimechoka, nikinung'unika kwamba kazini tunaongea Kiingereza kila saa, ndiyo iliyonishika mkono.

Sisemi nilikuwa naimba. Nilikosa usingizi miezi mitano mpaka nilipopata kazi nyingine. Na niseme ukweli wote: hata baada ya yale, akaunti ya mwenzangu ilikuwa na hela kuliko yangu. Kwa hiyo simtangazii mtu kwamba Berlin imeshinda. Ninachosema ni kwamba zile dola 165,000 zilikuwa na malipo ya hatari ndani yake, na hakuna jedwali lililomwonyesha kiasi gani kilikuwa mshahara na kiasi gani kilikuwa bei ya hatari aliyoibeba yeye, mkewe na mtoto.

Sasa hayo majedwali. Orodha ya majiji bora ya kuishi ya Economist Intelligence Unit inapima utulivu, afya, utamaduni na mazingira, elimu na miundombinu. Gharama ya maisha haimo kabisa! Vienna iliongoza 2022 hadi 2024, Copenhagen ikashika nafasi 2025, na ukiichukua orodha ile kuamua kama mshahara utakutosha unaitumikisha kazi isiyo yake. Ya Mercer, kampuni ya ushauri wa ajira, ilianza kama chombo cha kampuni kubwa kujua wampe posho kiasi gani mfanyakazi wanayempeleka nje. Mtu huyo analipiwa nyumba na shule, wewe hulipiwi. Tovuti ya Numbeo inaiweka New York kuwa 100 na kuyapima majiji mengine kwayo, na bei zake zinajazwa na watumiaji wenyewe. Kwa bei za bidhaa inasaidia. Kwa pango iangalie kwa tahadhari, maana aliyehamia miaka minane iliyopita na anayetafuta nyumba leo wanaishi jiji moja kwa bei mbili.

Berlin hilo nimelionja. Jirani yangu wa ghorofa ya chini alilipa nusu ya pango langu kwa nyumba kubwa kuliko yangu kwa sababu mkataba wake ni wa zamani. Nilipokuwa natafuta, kuna nyumba nilikwenda kuiona tukawa foleni kwenye ngazi kutoka ghorofa ya nne mpaka mlango wa barabarani, kila mtu na bahasha yake ya hati za mishahara. Na bei inayotangazwa kwanza mara nyingi ni "pango la baridi", bila joto wala huduma. Ongeza hayo, kisha andaa dhamana inayofika hadi pango la baridi la miezi mitatu. Mgeni hajapokea mshahara wa kwanza, tayari ametoa fungu la maana.

Mwenye uzoefu wa jiji lake aweke hapa. Ila tafadhali tusiishie kwenye mshahara. Tuambieni kazi ikiisha inakuwaje, na mwenzi wako anaruhusiwa kufanya kazi au haruhusiwi.

#2 Kipanga_Ghuba

Mkuu Nanga, pole kwa yaliyowakuta. Kisa cha mwenzako kinauma na siwezi kukipuuza. Ila naomba upande wa pili nao usikike.

Niko San Francisco mwaka wa saba, kadi ya kijani (makazi ya kudumu ya Marekani) nimeshaipata. Kwa mtu aliyevuka ule mlango wa viza, hili eneo halina mpinzani, na siongelei mshahara tu. Kwanza hisa: mgawo wa kawaida unaiva kwa miaka minne, mara nyingi hupati kitu mpaka mwaka wa kwanza uishe, na kampuni ikipanda bei unapata kitu ambacho mshahara wa Ulaya hauwezi kukifikia kwa miaka 15. Pili, California sheria inabatilisha mikataba ya kumkataza mfanyakazi kwenda kwa mshindani, jambo lililomo kwenye sheria zao tangu 1872. Maana yake nimehama kampuni tatu bila kuhama nyumba. Jiji lenye mwajiri mmoja mkubwa halikupi hiyo nguvu hata pango likiwa bure.

Kuhusu kodi, watu wanasema Seattle ni bora kwa sababu jimbo la Washington halikati kodi ya mshahara. Ni kweli. Kwa mtu asiye na ndoa anayepata dola 150,000, California inachukua kama dola 10,000 kwa mwaka ambazo Seattle zingebaki kwake. Lakini Seattle kodi ya mauzo imepita asilimia 10, vitu vingi unavyonunua inakukata. Texas nayo haikati mshahara, ukinunua nyumba ndipo kodi ya majengo inakukuta. Hakuna jimbo linalojiendesha kwa hewa.

Ninachokubali: mlango wenyewe umekuwa mwembamba. Nafasi za H-1B kwa kampuni za kawaida ni 85,000 kwa mwaka, na Septemba 2025 maombi mapya ya watu walio nje yaliwekewa ada ya dola 100,000. Na kufutwa kunakuja kwa mafuriko. Novemba 2022 Meta waliondoa watu 11,000, Januari 2023 Google 12,000. Nilikuwa sokoni kipindi hicho. Zile siku 60 unazohesabu wewe, zilihesabiwa na maelfu siku moja, wakigombea nafasi zile zile.

#3 Nanga

Kipanga, nakubaliana nawe kwa asilimia kubwa. Aliyekwisha kupata makazi ya kudumu, kijana, hana wa kumtegemea, aende Ghuba ya San Francisco akachume. Hesabu yangu inabadilika pale watu watatu wanapoishi kwa kibali cha mtu mmoja.

#4 MamaPacha

Niongeze London, maana wengi mnaiona kama ni Berlin yenye Kiingereza. Siyo.

Mimi na mume wangu wote ni madevelopa, tuna mapacha wa miaka miwili. Mwaka jana nikapandishwa cheo kutoka pauni 97,000 kwenda 104,000. Nikafurahi, nikampigia simu mume wangu nikiwa bado kwenye korido. Usiku tukakaa na karatasi, furaha ikaisha.

Iko hivi. Pauni 12,570 za kwanza hazikatwi kodi. Ukivuka 100,000, kila pauni mbili unazozidisha unanyang'anywa pauni moja ya ule msamaha. Matokeo yake kati ya 100,000 na 125,140 unakatwa asilimia 60, na bima ya taifa (mchango wa lazima kwenye mshahara) asilimia 2 juu yake. Nyongeza ya pauni 10,000 hapo inaingia mkononi pauni 3,800. Lakini kilichotuumiza siyo hicho. Saa za bure za kulea watoto, ambazo Uingereza sasa ni 30 kwa wiki za muhula kuanzia mtoto wa miezi tisa kwa wazazi wanaofanya kazi, kwa watoto wa umri wa mapacha wangu zinaondoka zote mzazi mmoja akivuka 100,000. Mmoja tu. Wazazi wawili wenye 99,000 kila mmoja wanazipata. Mzazi mmoja mwenye 101,000 na mwenzake mwenye mshahara mdogo, hawazipati. Na msaada wa serikali wa hadi pauni 2,000 kwa mtoto kwa mwaka nao unaondoka. Sisi tuna watoto wawili wa umri mmoja, piga mara mbili.

Tulichofanya ni kumwandikia mwajiri sehemu ya mshahara iende moja kwa moja kwenye pensheni, mapato yanayohesabiwa yakarudi chini ya mstari. Ni halali kabisa na watu wengi kazini kwangu wanafanya. Lakini ona: jedwali lingesema mama huyu anapata 104,000. Mkononi naishi kama mwenye 99,000, na za juu nitaziona nikizeeka.

Na kwa anayetoka nje, ada ya afya inalipwa mapema pamoja na viza: pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka, 776 kwa mtoto. Familia ya wawili na watoto wawili, viza ya miaka mitano, ni pauni 18,110 kabla hamjafungua sanduku. Mwajiri akisema "tunalipia viza", muulizeni kama na hii imo, na kama ni kwa familia nzima au kwako peke yako. Kwa maandishi.

Swali la Nanga: mwenzi wa mwenye viza ya ujuzi Uingereza anaruhusiwa kufanya kazi. Hilo ni jambo kubwa na linastahili kutajwa.

#5 Jabali

Bengaluru, India hapa. Mimi siongelei hela, naongelea saa.

Ofisi yetu ilikuwa Barabara ya Mzunguko wa Nje, mimi naishi kusini. Kilomita 14. Safari ya asubuhi dakika 75, ya jioni dakika 90, mvua ikinyesha huna la kusema. Siku moja nilizihesabu: karibu saa kumi na nne kwa wiki kwenye basi la kampuni, na kompyuta magotini. Ni siku mbili za kazi ambazo hakuna anayekulipa. Nikahamia nyumba ya kutembea dakika 20 hadi kazini, pango likapanda kwa theluthi, na sijawahi kununua kitu cha thamani kama kile.

Anayehamia ajue dhamana ya huku kwa desturi ya wenye nyumba imekuwa ikifika hata pango la miezi kumi, ingawa siku hizi wengine wanapunguza. Maji ni suala la kuuliza kabla ya kusaini: mwanzoni mwa 2024 visima vilikauka na mitaa mingi ilitegemea magari ya maji. Muulize mlinzi wa jengo, usimuulize dalali. Nafuu ipo pia. Jiji liko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, joto lake siyo la kuua. Agosti 2025 njia ya njano ya metro ilifunguliwa kuelekea Electronic City, eneo la kampuni za teknolojia, na waliokuwa wakienda huko wanasema wamerudishiwa jioni zao.

Kazi? Usipokuwa raia uangalie kibali, ila kwa wingi wa waajiri wa programu, ukitoka mlango mmoja upo mwingine mtaa wa pili.

#6 Tumaini_K

Wakuu, uzi umenikuta mahali pake. Nina ofa mbili mkononi na natakiwa kujibu Ijumaa. Amsterdam euro 80,000 kwa mwaka, wanasema nitapata lile punguzo ambapo asilimia 30 ya mshahara wa mtaalamu anayetoka nje haikatwi kodi. Singapore dola za kwao 9,500 kwa mwezi. Nina mke (ni mhasibu, anafanya kazi sasa) na mtoto wa miaka mitatu. Singapore naona kodi ni ndogo sana, moyo umeelekea huko. Nishaurini.

#7 Nanga

Tumaini, hongera kwanza. Twende taratibu, maana hizi mbili ni mfano mzuri sana.

Singapore. 9,500 mara 12 ni 114,000. Kwa mkazi, kodi ya 80,000 za mwanzo ni 3,350, zinazobaki 34,000 ni asilimia 11.5, yaani 3,910. Jumla 7,260 kwa mwaka kabla ya misamaha yoyote. Ni kama asilimia 6! Mgeni hakatwi mfuko wa akiba wa CPF, huo ni wa raia na wakazi wa kudumu. Kwa hiyo karibu 8,900 kwa mwezi ni zako. Lakini angalia, kodi ile haikatwi kwenye mshahara kila mwezi. Unailipa mwenyewe mwaka unaofuata. Iweke pembeni tangu mwezi wa kwanza.

Amsterdam. Kwa sheria za 2025, na punguzo, nakadiria mkononi kama euro 5,400 kwa mwezi ukisambaza na posho ya likizo, kabla ya mchango wa pensheni wa kampuni. Bila punguzo ni kama 4,450. Punguzo linadumu miaka mitano tu, na kuanzia 2027 linashuka kuwa asilimia 27. Maana yake kuna mwezi fulani huko mbele mshahara wako utashuka kwa karibu euro 1,000 bila mtu kukukosea. Ukikopa nyumba, kopa kwa ule mshahara wa chini. Bima ya afya kila mtu mzima anajinunulia, na euro 385 za kwanza za matibabu kwa mwaka nyingi utazitoa mwenyewe. Nyumba kuipata ni mtihani. Anza kutafuta kabla hujatua, na miji ya jirani yenye treni usiidharau.

Mpaka hapa Singapore inaongoza kwa mbali. Sasa weka mkeo mezani.

Singapore, mwenye kibali cha tegemezi haruhusiwi kufanya kazi mpaka apate kibali cha kazi cha kwake. Utaratibu umekuwa hivyo tangu Mei 2021. Mhasibu atalazimika kupata mwajiri atakayemwombea kibali chenye kiwango chake cha mshahara. Uholanzi, mwenzi wa mhamiaji mwenye ujuzi anaruhusiwa kufanya kazi yoyote tangu apate kibali cha ukaazi. Mshahara wake wa sasa unaouacha ni gharama ya Singapore. Uandike kwenye hesabu, na mtu wa kuuandika ni yeye mwenyewe.

Halafu ile siku. Singapore ukifutwa, kibali kinafutwa na kwa kawaida unapewa siku 30. Malipo ya kupunguzwa kazi si lazima kisheria, yanategemea mkataba wako. Na kuna jambo ambalo wageni wengi wanalijua siku hiyo hiyo: mwajiri wa mgeni anayeondoka anatakiwa kuijulisha mamlaka ya mapato na kuzuia malipo yako yote mpaka kodi yako ihakikiwe. Mshahara wa mwisho unausubiri huku siku 30 zinakimbia. Ndiyo maana nimesema kodi iweke pembeni.

Uholanzi mwajiri hawezi kukuondoa tu. Bila ridhaa yako, kwa kawaida anahitaji kibali cha taasisi husika au mahakama. Kuna malipo ya mpito, theluthi ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka uliofanya, kuanzia siku ya kwanza. Ukiwa umefanya kazi wiki 26 kati ya 36 za mwisho unapata fao, asilimia 75 miezi miwili ya mwanzo na 70 baadaye, likiwa na kikomo. Na una hadi miezi mitatu ya kutafuta mwajiri mwingine, kibali chako kikiwa bado hai. Isipokuwa ukiwa kwenye majaribio: hapo wanaweza kukuacha siku hiyo hiyo. Kisheria majaribio hayazidi miezi miwili.

Ushauri wangu, kama ningekuwa wewe: Singapore ningekwenda nikiwa peke yangu, au mkeo akiwa na ofa yake mkononi. Kwa hali uliyoieleza, Amsterdam. Ila usijibu kabla hujaona mkataba ni wa muda au wa kudumu.

#8 Sayari

Tokyo kwa kifupi. Mishahara iko chini ya Singapore na Marekani, ila jiji linajenga nyumba bila kuchoka na pango halijapaa kama kwingine. Kuingia ndiyo ghali: dhamana, zawadi ya mwenye nyumba isiyorudi, dalali, kampuni ya kukudhamini, vyote kabla ya ufunguo. Makazi ya kudumu ni miaka kumi kwa njia ya kawaida, lakini mwenye pointi 70 kwenye mfumo wa serikali wa kupima wataalamu anaomba baada ya miaka mitatu, mwenye 80 baada ya mwaka mmoja. Kazi ikiisha unatakiwa kuwajulisha uhamiaji ndani ya siku 14, na ukikaa miezi mitatu bila shughuli ya kibali chako wanaweza kukifuta. Mwenye madeni ya dola afikirie mara mbili: Julai 2024 dola moja ilikuwa imevuka yeni 160, na mshahara wangu ulikuwa ule ule.

#9 Kidato

Zurich msisahau bima. Kodi ni nafuu, lakini bima ya afya ni ya kila kichwa, haijali unapata kiasi gani, na mtoto naye ana ya kwake. Ukichagua ile ya kujigharamia faranga 2,500 za mwanzo, ongeza asilimia 10 ya zinazofuata hadi 700. Mwaka mbaya ni 3,200 juu ya ada ya kila mwezi. Na asiye raia wa Ulaya anaingia kwa vibali vichache, 8,500 kwa mwaka kwa nchi nzima.

#10 Tumaini_K

Wakuu, nimerudi. Jana usiku nilimpa mke wangu simu asome #7 mwenyewe. Alisoma mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Kwa nini hukuniuliza kabla ya kusema moyo umeelekea Singapore?" Sikuwa na jibu.

Leo nimewapigia Amsterdam. Mkataba ni wa mwaka mmoja, majaribio mwezi mmoja, halafu "kwa kawaida" wanaufanya wa kudumu. Nimewaomba mambo matatu: mkataba wa kudumu tangu mwanzo, makazi ya muda ya wiki sita, na waniandikie kwamba mshahara hautashushwa punguzo la kodi likikataliwa. La pili wamekubali hapo hapo. La kwanza na la tatu wanasema watajibu Alhamisi mchana.

Singapore nimewaandikia kuuliza kama malipo ya kupunguzwa kazi yanaweza kuingia kwenye mkataba. Bado hawajajibu.

#11 Nanga

Mkuu, la kwanza wakikataa, omba miaka miwili badala ya mmoja, lakini usikubali majaribio yakaongezwa. Tupe majibu Alhamisi, hata yakiwa mabaya.